Mkono Ndani ya Redio

Nyumba yetu ina vyumba vitatu, lakini soketi ya kuaminika ni moja tu. Iko chumba cha mbele. Humo ndimo ninamoshonea. Humo ndimo ninamopigia pasi nguo za wateja. Na humo, juu ya kimeza cha mbao karibu na dirisha, ilikaa redio ya marehemu baba mkwe wangu.

Mimi ni fundi cherehani. Kitambaa kikiwa kibovu namwambia mteja ni kibovu, akitaka anune. Kwa hiyo nitasema mapema: redio ile nusura ituulie mama mkwe. Na aliyeifanya iwe ya kuua ni mume wangu, mtoto wake wa kumzaa, kwa nia njema kabisa, huku akipiga mluzi.

Mume wangu ni fundi simu. Mtaani wanamwita Dokta. Simu ikianguka majini, anaifufua. Kioo kikipasuka, anakibadilisha huku anapiga soga. Basi baba yake alipofariki, redio nayo ilinyamaza, kama waliokubaliana. Kila asubuhi mama mkwe aliifuta vumbi, akaitazama, akaenda zake. Dokta alishindwa kuvumilia. Akaifungua.

"Transfoma imeungua," aliniambia. Alinionyesha kitu kizito cha chuma kilichozungushiwa waya wa shaba. Kilinuka moshi. "Hii inapunguza umeme wa ukutani uwe mdogo, redio iuweze. Nimetafuta nyingine, hakuna inayoenea humu."

"Sasa utafanyaje?"

"Siihitaji tena. Nimeona mchoro kwenye simu. Unatoa transfoma, unaweka kapasita moja na vidude vitatu vinne. Tazama." Alifungua kiganja. Mlikuwa na kijibao chembamba chenye vidude vya rangi. "Kinaingia ndani ya kiberiti."

"Na ni salama?"

Alicheka. "Mke wangu, nimepima. Volti tisa. Ni kama betri ndogo tu. Volti tisa hazimwamshi hata mende."

Mimi sijui umeme. Najua uzi na sindano. Nikarudi kwenye cherehani.

Redio ilizungumza siku hiyohiyo. Mama aliposikia, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alivuta kiti, akakaa mbele ya redio, na mchuzi ukaungua. Tangu hapo kiti kile kikawa chake.

Siku chache baadaye niliingia asubuhi kuanza kazi. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Redio ilikuwa imezimwa. Lakini alikuwa amefumba macho, na alikuwa akiipapasa ubavuni kwa mgongo wa vidole. Alipapasa polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa.

"Mama, kuna nini?"

"Njoo, mwanangu. Weka mkono hapa. Usikandamize. Papasa tu, kwa mgongo wa vidole."

Redio yenyewe ni ya zamani. Ganda lake ni la bati, limepakwa rangi ya kijani. Nilipapasa.

Nywele zikanisimama. Bati lilikuwa hai. Lilikuwa likitetemeka chini ya vidole vyangu, kwa upole, kama mgongo wa paka anayekoroma. Niliondoa mkono. Niliurudisha. Nilipousimamisha, mtetemo ulitulia. Nilipousogeza, ulianza tena.

"Umeona?" mama alinong'ona. "Ukisimama, anasimama. Ukienda, anakwenda nawe."

"Lakini redio imezimwa, mama."

"Imezimwa, ndiyo."

"Ni nani? Ni baba?"

Mama alitabasamu tu, akaendelea kupapasa.

Usiniulize kwa nini sikukimbia siku ile. Nilikuwa na suruali tatu za kupunguza.

Jambo la ajabu ni kwamba hakuja kila siku. Asubuhi nyingine mama alikaa, akapapasa, akangoja. Kisha aliinuka. Siku hizo hakula. Ukimwekea chai, ilipoa mpaka ikafanya utando. Na siku alizokuja, mama aliimba jikoni, akanitania mishono yangu, akamwita Dokta "kijana wangu mzuri." Nyumba nzima ikawa inaishi kwa zamu za yule asiyeonekana.

"Amekuja?" nilimuuliza mama kila nikiingia. Nami nilijisikia nikinong'ona.

Nilimweleza Dokta. Alifyonya.

"Ninyi wawili mmekaa na cherehani mpaka masikio yanawatetemeka."

"Njoo upapase mwenyewe."

Alikuja. Alipapasa kushoto, akapapasa kulia, akagonga juu kwa ukucha. Siku ile hapakuwa na kitu. Palikuwa na bati baridi.

"Haya," alisema. "Mizimu imekwenda sokoni." Akarudi kibandani kwake.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakucheka. Nilimwonea huruma, na kusema kweli niliogopa pia. Nilikuwa nimeishika ile hali kwa mkono wangu mwenyewe. Huwezi kuniambia sikuishika.

Kisha mambo yakazidi. Asubuhi moja mama alitoka kuoga, akapita chumba cha mbele akiwa bado na maji miguuni. Aligusa redio akipita. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Leo amenishika kwa nguvu," alisema.

Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa msichana. Alitazama miguu yake. Alitazama sakafu ya saruji, na nyayo zake za maji zilizokuwa zinakauka. Nikamwona anafikiri.

Kuanzia siku ile alianza kuvua ndala mlangoni. Aliacha ndala zake za mpira nje, akaingia peku. Siku nyingine alilowesha nyayo kwanza. Alisema akivaa ndala yule mtu anakuwa mbali, na akivua anakaribia. Nami niliona jambo jingine. Pale alipozoea kupapasa, rangi ya kijani ilikuwa inafifia. Palikuwa na doa la ukubwa wa kiganja. Lilikuwa jeupe-jeupe, lenye kung'aa katikati. Vidole vyake vilikuwa vinaila rangi, kidogo kidogo, kila siku.

"Mama, utaimaliza rangi ya redio," nilimtania.

"Acha iishe," alisema. "Ikiisha hakutakuwa na kitu kati yetu."

Maneno yale sikuyapenda. Sikujua kwa nini.

Jirani yetu wa nyumba ya pili ni mwanamke mwenye maneno machache. Anatengeneza mashine za hospitali. Sisi tunamwita Bisibisi, maana hajawahi kuonekana bila bisibisi mfukoni, hata akienda harusini. Alikuwa ameniletea koti lake la kazi nibadilishe zipu. Siku hiyo alikuja kulichukua.

"Shikamoo, mama," alimwambia mama mkwe.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Usipige kelele tu, leo yupo."

Bisibisi alinitazama. Mimi nikatazama koti.

"Nani yupo?" aliuliza taratibu.

Mama hakuwa na siri. Alimweleza kila kitu: mtetemo, siku za kuja na siku za kutokuja, ndala, maji miguuni. Alieleza akiwa amesimama peku kando ya kimeza, na mkono wake ulikuwa tayari unaelekea redioni.

Nimewahi kumwona Bisibisi akijikata kidole kwa mkasi wangu bila kukunja uso. Sasa uso wake ulibadilika. Lakini sauti yake ilibaki ileile.

"Mama," alisema, "naomba unisaidie kitu. Shusha mkono. Vaa ndala zako, kisha uje ukae hapa karibu yangu."

"Kwa nini?"

"Nisaidie tu, mama. Nitakueleza. Usiiguse tena kwa sasa."

Mama alishusha mkono. Alivaa ndala kwa uvivu, kama mtoto anayeitwa ndani mchezo ukiwa umenoga. Alipokaa tu, Bisibisi alishusha pumzi ndefu.

"Mwite mumeo," aliniambia. "Mwambie aje sasa hivi."

Dokta alikuja huku anafuta mikono kwa kitambaa. Alipoambiwa habari, alikuna kichwa.

"Dada, redio hiyo nimeitengeneza mimi. Ina volti tisa. Mama anaota tu. Kama inawasumbua, naitoa, yaishe."

Alichomoa plagi ukutani. Aliishika kiganjani ili auzungushe waya. Ghafla akaruka. Plagi ilianguka sakafuni, naye akabaki anatikisa mkono.

Plagi ilikuwa chini, haijagusana na ukuta wala na chochote.

"Imechomolewa," Dokta alisema. "Nimeichomoa. Na imeniuma."

"Hataki kutolewa," alisema mama.

Aliyasema polepole, bila hasira, kama mtu anayetoa habari. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa cherehani. Ningekuwa peke yangu, ningetoka mbio, suruali za watu nikaziacha.

Bisibisi hakurudi nyuma. Aliinama, akaiokota plagi kwa kushika plastiki tu, mbali na miguu ya chuma. Kutoka mfukoni alitoa rezista kubwa, kidude cha kupitisha umeme polepole, iliyofungwa vizuri kwenye mpini wa plastiki. Aliigusisha kwenye miguu miwili ya plagi, akangoja kidogo.

"Sasa haitauma," alisema. "Dokta, umeweka kapasita bila rezista ya kuimwaga?"

"Mchoro haukuwa nayo."

"Mchoro ulikuwa mbovu. Kapasita inabaki na umeme hata ukichomoa, kama ndoo inavyobaki na maji bomba likishafungwa. Lazima pawe na rezista ya kuyamwaga. Vinginevyo inamngoja mtu wa kwanza atakayegusa. Leo mtu huyo amekuwa wewe."

Mama alikuwa anasikiliza. "Kwa hiyo aliyemuuma ni ndoo?"

"Ndiyo, mama. Ni ndoo tu."

"Na anayenishika mimi?"

Bisibisi alivuta kiti, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. Lakini alianza na Dokta.

"Volti tisa ulipima kutoka wapi hadi wapi?"

"Kutoka waya mwekundu hadi waya mweusi."

"Na kutoka waya mweusi hadi ardhini?"

"Huko sikupima," alisema Dokta.

"Kwenye simu huna haja ya kupima hivyo," Bisibisi alimwambia, bila kumsimanga. "Simu ina betri yake, haijui ukuta. Ndiyo maana hukuwazia. Sasa sikilizeni. Mna ngazi fupi ya hatua tisa. Ukiisimamisha uani, mtu akianguka ataumia goti. Chukua ngazi hiyohiyo, uisimamishe juu ya paa la ghorofa. Bado ni ngazi ya hatua tisa. Lakini mtu akianguka?"

"Anakufa," alijibu mama.

"Anakufa. Volti tisa za redio hii zimesimama juu ya paa. Na paa ni umeme wote wa ukutani."

Aliinyanyua ile transfoma ya zamani. Dokta alikuwa ameiacha chini ya kimeza, kisha mama akawa anaitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo.

"Mnadhani kazi ya hii ni kupunguza tu. Hapana. Ndani yake kuna nyaya mbili zilizozungushwa, na hazigusani hata kidogo. Nguvu inavuka, nyaya hazikutani. Upande wa redio hauna undugu na upande wa ukuta. Kapasita inapunguza, sikatai. Lakini haitenganishi. Ni bomba lililobanwa. Maji yanayopita ni machache, lakini ni yaleyale ya bomba kuu. Dokta, waya mweusi umeufunga wapi?"

"Kwenye bati. Ndivyo ulivyokuwa tangu zamani."

"Zamani kulikuwa na transfoma."

Dokta aliketi sakafuni. Alikuwa ameelewa kabla yetu. Aliitazama redio ya baba yake, akamtazama mama yake.

"Mimi bado," nilisema. "Mbona siku nyingine anakuja, siku nyingine haji?"

Bisibisi alitoa bisibisi yake nyembamba, ile yenye taa ndogo ndani ya mpini. Alichomeka redio. Aligusa skrubu ya ubavuni kwa ncha, na kidole chake akakiweka nyuma ya mpini. Taa ndogo ikawaka nyekundu. Redio ilikuwa kimya, imezimwa, na ile taa ilikuwa inawaka kama jicho la mtu aliyekesha.

"Yupo," mama alinong'ona.

Bisibisi alichomoa plagi, akaigeuza, akaichomeka tena. Aligusa skrubu ileile. Giza.

"Hayupo," alisema mama.

"Plagi hii ina miguu miwili inayofanana. Inaingia upande wowote. Tundu moja la ukutani lina umeme. Jingine ni njia ya kurudi. Ukichomeka hivi, bati linaangukia njia ya kurudi, husikii kitu. Ukigeuza, bati lote linakuwa ukuta."

Hapo ndipo nilipoelewa. Soketi ni moja. Kila nikitaka kupiga pasi, nilichomoa redio. Nikimaliza, niliirudisha. Sikuwahi kutazama upande. Siku nyingine hivi, siku nyingine vile.

"Ni mimi," nilisema. "Mama, ni mimi niliyekuwa namleta. Na kumwondoa."

Mama alinitazama. Kisha alinyoosha mkono kwa Bisibisi. "Nipe. Nataka kugeuza mwenyewe."

"Shika plastiki tu, mama. Usiguse miguu yake. Na ndala usivue."

Alichukua plagi. Bisibisi aliweka ncha ya bisibisi kwenye skrubu. Mama alichomeka. Taa ikawaka. Alichomoa, akageuza, akachomeka. Giza. Aligeuza tena. Taa. Akageuza tena. Giza. Aliendelea hivyo mara nyingi, bila haraka, naye Bisibisi hakumkataza. Mimi niligeuka nikajifanya natafuta chaki. Kuna vitu mtu hastahili kutazamwa akivifanya.

Mwishowe mama aliichomoa plagi, akailaza juu ya kimeza.

"Na ule mtetemo?" aliuliza. "Ule nilioushika ni nini?"

"Ni umeme unaoivuta ngozi yako kupitia rangi. Mkono ukisogea, unausikia. Mkono ukitulia, husikii. Kilichokuwa kinakuzuia usife ni rangi ya bati na ndala zako. Basi. Ndala ulishazivua."

Sote wanne tulilitazama lile doa jeupe ubavuni mwa redio. Katikati yake palikuwa pamebaki rangi nyembamba kama ganda la kitunguu. Nilikumbuka alivyosema, ikiisha hakutakuwa na kitu kati yetu. Nikatoka nje, nikaegemea ukuta, nikalia. Sioni aibu kusema.

Niliporudi, Dokta alikuwa ameshafungua redio. Alikata kile kijibao chake na kukitoa. Bisibisi alikuwa anamweleza, naye anaitikia kama mwanafunzi.

"Kwa hiyo sakiti hii haifai kabisa?" aliuliza Dokta.

"Inafaa mahali pake. Balbu nyingi tunazotumia zina sakiti ya namna hii ndani. Lakini ganda lake ni plastiki, limefungwa, na hakuna mtu anayegusa chochote ndani yake. Hakuna bati, hakuna eriali, hakuna tundu la kuchomekea kitu ambacho mtu atakishika. Na kapasita yake si ya kuokota kwenye mashine mbovu. Ni ile maalumu iliyotengenezwa kukaa kwenye umeme wa nyumbani. Ya kawaida ikipasuka ndani, umeme wote unapita. Kuna fyuzi, na kuna rezista ya kumwaga. Vyote hivyo vikiwepo, bado nitakuuliza: mtu atakigusa? Kama jibu ni ndiyo, weka transfoma."

"Na ile taa ya bisibisi isipowaka?"

"Usiseme ni salama. Pengine plagi iko upande wa pili. Ni zamu tu."

Kesho yake Dokta alileta adapta ya dukani, iliyofungwa yote kwa plastiki, yenye transfoma yake ndani. Inatoa volti tisa, na volti hizo hazina undugu na ukuta. Aliiunganisha na redio. Bisibisi alikuja kupima. Alichomeka upande huu, akachomeka upande ule. Aligusa skrubu, bati, eriali, vifundo. Taa haikuwaka popote. Kisha Dokta alifanya jambo nililompendea. Alivua viatu, akasimama peku kwenye saruji, akaweka kiganja chote juu ya bati kabla mama yake hajaligusa.

"Bati baridi," alisema.

Kisha alichukua mfuko, akatoka. Mchoro ule ulikuwa umempendeza sana, kwa hiyo alikuwa amewatengenezea watu wengine. Kulikuwa na taa ya muuza mboga. Kulikuwa na spika ya kinyozi, nayo ilikuwa ya bati. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akaeleza kosa lake, akavichukua vyote. Kinyozi alimwambia kuwa wateja waliolowa nywele walikuwa wanalalamika kioo kinawawasha. Kioo kilikuwa na fremu ya chuma, nayo ilikuwa imeegemea spika. Yeye alidhani ni sabuni mpya. Dokta alirudi amebadilika rangi, akakaa jikoni muda mrefu bila kugusa chakula.

Siku hizi kibandani kwake pana kibao alichokiandika kwa mkono: "Kitu chako kikikuwasha, kikikutetemesha au kikikuuma hata kidogo, usikizoee. Kizime, kichomoe, kilete." Watu wanakuja. Mmoja alileta jiko la umeme ambalo alisema linamkaribisha kila asubuhi.

Lakini nilitaka kusema habari za mama.

Redio ilikuwa salama, nayo ilisema vizuri kuliko mwanzo. Mama hakuiwasha. Alikaa kwenye kiti chake, akatazama dirishani. Mara mojamoja aliipapasa kwa mgongo wa vidole, akaacha. Dokta alitaka kupaka rangi lile doa. Mama alimwambia aliache. Chakula alikula, lakini kwa sababu tu tulikuwa tunamtazama. Nilijilaumu kidogo. Tulikuwa tumemwokoa, na nyumba ilikuwa kimya kama iliyofiwa mara ya pili.

Asubuhi moja nilikuwa nakata gauni la mteja. Sikuweza kuvumilia tena.

"Mama, unamkosa baba?"

Alifikiri. "Baba yenu alikuwa mtu mwema," alisema. "Hakunipiga, hakuninyima. Lakini hakuwahi kunishika mkono. Miaka yote ile. Hakuwa mtu wa hivyo. Mikono yake ilikuwa ya kazi. Akinipa kikombe, alikishika chini ili nikishike juu."

Niliacha kukata.

"Basi siku ile ya kwanza kwenye redio," mama aliendelea, "niliposikia nashikwa, nilijua si yeye. Nilijua palepale. Ninyi ndio mliosema ni baba."

Nilitazama redio, nikamtazama yeye. Sikumuuliza alidhani ni nani.

"Kama ulijua si baba," nilisema, "kwa nini ulivua ndala?"

Aligeuza viganja vyake, akavitazama, kama mtu anayevihesabu.

"Kwa sababu alikuwa ananishika."

Niliweka mkasi chini. Nilivuta kiti changu mpaka kikagusa chake, nikakaa, nikamshika mkono. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na ulikuwa na joto. Mwanzo ulikaa tu, haujui la kufanya. Kisha ulikaza. Baadaye mteja alibisha hodi kuulizia gauni lake. Nilimjibu kwa sauti, bila kuinuka, kwamba bado.